Mtoto wa Wote Huangaliwa na Nani?

Je, ni haki mzazi aliye katika mapumziko kumwacha mtoto mdogo bila mtu wa kumwangalia? Ukiuliza swali hili barazani utajibiwa upesi kwamba si haki, na mazungumzo yatahamia jambo jingine. Mimi naona jibu hilo la upesi halitusaidii, kwa kuwa hakuna mzazi anayekiri kwamba amemwacha mtoto peke yake. Kila mmoja atakuambia kwamba mtoto alikuwa na watu. Basi swali lenyewe hasa ni hili: je, kuwa na watu ndiko kuangaliwa?

Nauliza nikiwa mwenyeji wa Mbinga, mahali ambapo likizo haina maana ya hoteli. Kwetu likizo ni kurudi nyumbani. Kila Desemba, wana wa nchi hii wanaofanya kazi Songea, Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko hurudi katika milima ya Umatengo, kwenye mibuni na mashamba ya ngoro, wakiwa na watoto waliozaliwa mijini. Baada ya kuwasalimu wazee na kumaliza ibada ya Krismasi, wengi huteremka ziwani. Zamani safari ya Mbamba Bay wakati wa mvua ilikuwa mateso ya matope na makorongo, na aghalabu aliyeifanya ni mtu mwenye shida. Siku hizi barabara ya kilomita 66 kutoka Mbinga mjini ni ya lami, na familia inaweza kunywa chai milimani ikala samaki wa mchana ufukweni. Jambo hili ni la heri. Lakini lami imewafikisha ziwani watoto wengi ambao hawakukua nalo, na hao ndio ninaowafikiria.

Nimekaa ufukweni siku za sikukuu mara nyingi, nikitazama jinsi familia zinavyojigawa. Akina mama hukaa penye kivuli wakitengeneza chakula. Akina baba huketi mahali pao na vinywaji vyao. Vijana hucheza mpira, na watoto wadogo humiminika majini. Muulize baba mtoto yuko wapi, atasema yuko na mama yake. Muulize mama, atasema yuko pale na wenzake. Waulize wenzake, watasema alikuwa hapa sasa hivi. Watu wazima wapo thelathini, wote wanawapenda watoto, wala hapana mwovu hata mmoja. Hata hivyo, ukitaka kujua ni nani kati yao ambaye dakika ile jicho lake liko kwa yule mtoto mwenye kaptula nyekundu, huenda ukakuta hakuna. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Nami naona kwamba walinzi wengi wasio na zamu hawana tofauti kubwa na kutokuwa na mlinzi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba hayo ni mawazo ya kizungu, kwamba kwetu mtoto ni wa wote, na kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nakubali kabisa. Mimi mwenyewe nimelelewa na mikono mingi. Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao, na katika mikusanyiko ya namna hiyo hakuna mtoto aliyekuwa mgeni kwa mtu. Lakini tujiulize malezi yale yalifanyaje kazi. Je, mama alikwenda kisimani akimwacha mtoto uani kwa kutumaini tu kwamba macho yapo mengi? La hasha! Mama alisema, "Bibi, nakuachia huyu." Kisha alisubiri kusikia, "Haya mwanangu, nenda." Ndipo akajitwika mtungi wake. Maneno hayo ni machache, nasi tumeyasikia mara nyingi hata tumesahau uzito wake. Ule ulikuwa mkataba. Kuanzia pale bibi alijua kwamba mtoto akisogelea moto ni juu yake, na hakuondoka mpaka mama arudi, au mpaka yeye naye amkabidhi mtu mwingine kwa maneno yale yale.

Kwa hiyo mtoto alikuwa wa wote kwa maana kwamba yeyote aliweza kukabidhiwa. Hakuwa wa wote kwa maana kwamba hapakuwa na haja ya kumkabidhi yeyote. Sisi tumerithi methali, na desturi iliyoipa nguvu tumeiacha nyuma. Wahenga hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mbuzi huhesabiwa jioni na magunia ya kahawa huandikwa, iweje mtoto awekwe mahali pasipo daftari?

Sheria ya nchi yetu nayo haisemi kinyume na bibi yule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi, anapokuwa hayupo kwa muda, ahakikishe kwamba mtoto anatunzwa na mtu mwenye uwezo wa kazi hiyo. Haimkatazi mzazi kuondoka. Inachotaka ni kwamba awepo mtu, tena mtu anayeweza.

Wala tusidhani kwamba ni sisi pekee tunaosafiri na desturi tukasahau yaliyoishikilia. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alikuwa New York. Yeye na baba wa mtoto waliingia mkahawani, wakamwacha binti yao mchanga nje katika kigari chake, karibu na dirisha. Kwao Denmark watoto wachanga huachwa nje hivyo kila siku, na watu hawashangai. New York watu waliita polisi, wazazi wakakamatwa, na mtoto akachukuliwa kwa siku chache. Dunia iligawanyika. Wengine walisema Wamarekani wana roho ngumu, wengine wakasema mama yule ni mzembe. Mimi naona pande zote mbili zilipitwa na jambo moja. Mama yule alikuwa amesafiri na desturi ya kwao, lakini hakuweza kusafiri na wapita njia wa kwao, ambao ndio walioifanya desturi ile iwe salama. Mtu wa Dar es Salaam anayemwachia mtoto ufukweni Mbamba Bay kwa kukumbuka utoto wake mwenyewe anafanya vivyo hivyo. Anaikumbuka desturi, lakini wale waliomwangalia yeye wengine ni marehemu, na waliobaki hawajui kwamba mtoto yule ni wake.

Kisa kingine ni kizito zaidi, nacho kilitokea katika mapumziko hasa. Tarehe 3 Mei 2007, katika mji mdogo wa Praia da Luz nchini Ureno, wazazi Waingereza waliwalaza watoto wao watatu, wakaenda kula na marafiki katika mgahawa wa eneo lile lile. Walikuwa wakienda kuwachungulia watoto kila baada ya muda. Usiku ule binti yao Madeleine McCann, ambaye alikuwa karibu kutimiza miaka 4, alitoweka kitandani. Wazazi hao walilaumiwa na kushukiwa, na mwaka 2008 wakuu wa mashtaka wa Ureno waliwaondolea tuhuma. Mimi simo katika wanaowarushia mawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kama yupo aliyemchukua mtoto yule, hatia ni yake. Lakini kisa kile kinatufundisha kwamba kuchungulia ni jambo moja na kukaa na mtoto ni jambo jingine. Anayechungulia huhakikisha tu kwamba mpaka sasa hakujatokea jambo.

Turudi sasa kwenye ziwa letu, kwa maana huku hatari iliyo karibu zaidi ni maji. Ziwa Nyasa lina kina kinachozidi mita 700 mahali penye kina kirefu kabisa. Zipo sehemu ambapo mtoto hupiga hatua chache tu kutoka mchangani akakosa pa kukanyaga. Wenyeji wa Liuli, Lituhi na vijiji vingine vya mwambao wanajua mahali penye mamba, hasa karibu na midomo ya mito kama Ruhuhu, nao wanajua siku ambayo upepo wa kusini utageuza maji yaliyotulia kuwa mawimbi. Mgeni hayajui hayo. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Tena mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele, kwa sababu kinywa chake kinatafuta hewa. Kwa hiyo anayesema "nitamsikia akilia" anangoja sauti ambayo huenda isije. Hata anayemwona kutoka mbali hajamfaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kuna hoja mbili ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba mtoto anayelindwa mno hudumaa akili, na kwamba watoto wa mwambao huogelea kama samaki wakiwa bado wadogo. Hoja hii ina ukweli. Sipendi mtoto afungwe kiunoni kwa mama yake hata akashindwa kuruka korongo. Lakini mtoto wa mwambao hakutupwa majini. Alianza ukingoni na kaka na dada zake, akaonyeshwa mahali pa kuoga na mahali pa kuogopa, na uhuru wake ukaongezeka kadiri maarifa yake yalivyoongezeka. Mtoto wa miaka 7 kutoka Songea ana umri ule ule, lakini hana maarifa yale. Kwa hiyo tusipime uhuru wa mtoto kwa miaka yake peke yake. Tuupime pia kwa jinsi anavyopajua mahali alipo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yupo mama anayeamka alfajiri msimu wa kuchuma kahawa, au anayekwenda kuanika dagaa, naye humwacha mtoto mchanga kwa binti wa miaka 9 kwa kuwa hana mwingine. Je, naye tumhukumu sawa na wale wa sikukuu? Sithubutu. Yeye anachagua kati ya hatari ya mtoto kuachwa na hatari ya mtoto kulala njaa. Wa sikukuu anachagua kati ya mtoto na mazungumzo matamu. Ni kweli kwamba maji hayaulizi sababu, na hatari ya watoto wale wawili yaweza kuwa moja, lakini lawama si moja. Kwa mama wa shambani, deni ni letu sote. Enzi za vijiji vya ujamaa vilikuwepo vituo vya kulelea watoto wadogo mchana wakati wazazi wakiwa shambani, na sioni kwa nini kijiji kinachoweza kujenga ghala la kahawa kisiweze kumpata mtu mzima mmoja na kivuli kimoja kwa miezi ya mavuno. Na yule binti wa miaka 9 pia ni mtoto. Yeye hukabidhiwa, lakini hawezi kukataa, na mtu asiyeweza kukataa hajakubali kwa hakika. Likitokea la kutokea, atalibeba maisha yake yote.

Basi, ndugu msomaji, jibu langu ni hili. Mzazi anaweza kuondoka, na wala kupumzika si dhambi, maana mzazi aliyechoka huwa mkali kwa watoto. Lakini asiondoke kabla hajamtaja mtu kwa jina na kumsikia akikubali. Mtu huyo awe mtu mzima, asiwe na glasi mkononi, na akae mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto. Wakiwa wengi wapeane zamu ya saa moja moja, na akina baba wawemo, kwa kuwa nimechoka kuona kwamba likitokea jambo mama huulizwa alikuwa wapi, ilhali baba hupewa pole. Na kabla ya mtoto yeyote kuingia majini, aulizwe mvuvi wa pale pale.

Najua wapo watakaoona kwamba haya yanaharibu raha ya sikukuu. Kwa hakika yanamgharimu mtu saa moja ya kukaa juani peke yake, akiyakosa maongezi na nyama choma. Mimi siioni gharama hiyo kuwa kubwa. Tunapenda kusema kwamba mtoto ni wa wote. Basi anayesema hivyo na aishike zamu yake, na zamu ikiisha amwite kwa jina yule anayefuata.