Thawabu ya Mfua Jembe

Tumefundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Tangu wenzangu wa kiwandani waanze kutangulia mbele ya haki, swali moja haliniachi: je, jembe nalo ni sadaka inayoendelea?

Nauliza hivyo kwa sababu umri wao waliumalizia kwenye majembe. Tulikuwa Ubungo Farm Implements, Dar es Salaam, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China zama za Azimio la Arusha. Mwaka 1972 nchi iliambiwa kuwa siasa ni kilimo, na haukupita muda ikaja kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Kampeni zote hizo zilitaka jembe mkononi mwa mkulima. CCM ilipozaliwa mwaka 1977 iliweka jembe na nyundo kwenye bendera yake. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya kila siku: nyundo inapiga, jembe linatoka.

Ninayemkumbuka zaidi ni mzee wa tanuru. Alilisoma joto la chuma kwa macho. Kikiwa bado chekundu alitikisa kichwa, kikifika rangi ya chungwa bivu alisema, "Toa!" Jembe likishafuliwa, likazamishwa kwenye mafuta na kupoa, alilining'iniza akaligonga, akatega sikio. Jembe zima hulia. Lenye ufa uliojificha hukoroma. Lililokoroma alilitupa kwenye chakavu, hata siku ambayo hesabu ya zamu haijatimia. Tukimnung'unikia hutujibu, "Wanangu, huko kwenye mashamba ya Ismani kuna mama hana jembe la pili."

Mimi naamini kazi ya namna hiyo ni sadaka, lakini rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye zamu moja hakubaliani nami. "Mzee mwenzangu," huniambia, "sisi tulilipwa. Sadaka ni kitu cha kutoa bure. Ukishapokea mshahara, hesabu imefungwa." Hoja hiyo si nyepesi, na nimekaa nayo muda mrefu.

Jibu langu ni hili. Mshahara ulinunua saa za yule mzee na nguvu za mikono yake. Lakini ule ufa asingeuona mtu mwingine yeyote. Angelipitisha lile jembe, na mwisho wa mwezi fedha zake zingekuwa zilezile. Uangalifu ule hakuna aliyemlipa. Aliutoa yeye, kwa ajili ya mtu asiyemjua wala hatamjua. Kama hiyo si sadaka, sijui sadaka ni nini.

Katika Sura ya Sabaa, Mwenyezi Mungu anaeleza jinsi alivyomlainishia Nabii Daudi chuma, akamwamuru atengeneze nguo za vita na apime vizuri kuunganisha pete zake. Papo hapo ikafuata amri ya kutenda mema. Kipimo cha fundi na wema wa mja vimetajwa kwa pamoja. Mimi naelewa kwamba aliyepima vizuri, kwa nia njema, amekwisha kuanza kutenda mema.

Baadaye kiwanda kilinyamaza, wakati mashirika ya umma yakibinafsishwa. Wapo wanaosema jasho letu lilikwenda bure. Sikubali. Jembe lililima, mahindi yakavunwa, gunia likauzwa, mtoto akalipiwa ada ya shule. Leo mtoto huyo huenda anafundisha watoto wa wengine. Jembe lenyewe lilishalika zamani, lakini kheri yake bado inatembea, na kufungwa kwa lango hakukuifuta.

Basi nakuomba, msomaji: kama unaye marehemu uliyefanya naye kazi, watafute wanawe. Wengi wanachojua ni kwamba baba alirudi nyumbani amechoka, na mama alinuka rangi na mafuta. Waambie ni kazi gani wazazi wao waliifanya vizuri pasipo kuonwa na mtu. Hilo ni deni letu sisi tuliobaki, na tulilipe tungali hai.