Noti kwenye Paji la Uso

Tabora, mji wa njia ya misafara ya kwenda Ujiji, ulitupa bendi za dansi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz aliyoimbia marehemu Shem Karenga. Katika dansi la enzi zile, kushangilia kwa kelele hakukutosha. Shabiki aliinuka kitini, akacheza taratibu mpaka mbele, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, kisha akarudi zake huku ukumbi mzima ukimtazama (naye alijua anatazamwa). Huko ndiko kutunza, na gitaa likitunzwa hunoga. Leo mkono ule umeshika simu, unarekodi. Ukienda dansini Jumamosi hii, itie mfukoni, ucheze.