Mwaminio Sokoni: Dhana Mbaya na Uchunguzi Mwema



Wako watu wadhanio kwamba dini hukaa msikitini, na kwamba mtu akishavaa viatu vyake na kutoka nje huingia katika ulimwengu mwingine wenye sheria nyingine. Islam haikubali mgawanyo huu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haielezi sala, wala saumu, wala Hija. Imo katika Sura Baqara, nayo yafundisha namna ya kuandika deni, kuweka mashahidi na kutoona uchovu wa kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Mwenyezi Mungu aliyetuumba ajua kwamba imani ya mtu huweza kupotea katika mauziano kama inavyoweza kupotea kwa kuacha sala.

Nimeandika haya kwa sababu ya swali nililoletewa na ndugu mmoja wa Uyole, Mbeya, mkulima wa viazi, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu aingie katika Islam. Naona swali lake ni la wengi.

Ndugu huyu alikuwa akitafuta gari dogo la mizigo, lile watu waliitalo kirikuu, ili apeleke viazi vyake sokoni mwenyewe. Katika simu yake akaona tangazo: gari zuri, picha sita, lipo Iringa, bei shilingi milioni 4. Alijua vema kwamba magari ya namna ile huuzwa mara mbili ya hapo. Akapiga simu. Muuzaji akaitika kwa salamu ya Kiislamu, akataja jina la Kiislamu, na alipojua kwamba mnunuzi naye ni Mwislamu akafurahi sana na kusema: "Basi ndugu yangu, gari hili ni riziki yako." Akamwomba atume shilingi 150,000 za kulishikilia gari. Ndugu yetu akatuma. Siku ya pili akaambiwa kwamba amejitokeza mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu, hivyo hana budi kuongeza kishika uchumba cha shilingi 600,000 kabla ya jioni. Alipotaka kupanda basi aende Iringa kuliona, akajibiwa kwamba gari limefungiwa Ipogolo, na mwenyewe yuko safarini Dodoma. Tena jina lililotokea katika simu wakati wa kutuma fedha halikuwa lile alilotajiwa.

Moyo wake ukaingia wasiwasi. Lakini akaniuliza hivi: "Mimi ni mgeni katika dini. Nimefundishwa kwamba dhana ni dhambi. Je, nikikataa kutuma, sitakuwa nimemdhania vibaya Mwislamu mwenzangu?"

Dhana si sawa na uchunguzi

Ni kweli kwamba Kurani Tukufu, katika Sura Hujurat, yawaonya waaminio wajiepushe sana na dhana, maana baadhi ya dhana ni dhambi. Lakini mwenye kusoma sura hiyo hiyo tangu mwanzo atakuta, aya chache kabla ya onyo hilo, amri nyingine: kwamba mtu asiyeaminika akileta habari, waaminio waichunguze kwanza, wasije wakatenda jambo kwa kutojua kisha wakajuta. Mwenyezi Mungu ameziweka amri hizi mbili katika sura moja, na hazigombani.

Dhana mbaya ni kumhukumu mtu bila ushahidi: kusema "fulani ni mwizi" kwa sababu ya kabila lake, sura yake au maneno ya barabarani. Uchunguzi ni kuuzuia mkono wako mpaka ushahidi upatikane. Mwenye kudhani amekwisha kata hukumu. Mwenye kuchunguza ameahirisha hukumu. Kwa hiyo ndugu yetu hakulazimika kumwita yule mtu tapeli. Ilimtosha kusema: "Sijui kama wewe ni mkweli au si mkweli, nitalipa nitakapoliona gari na karatasi zake." Neno hili halimdhulumu mtu yeyote. Muuzaji mkweli hunufaika nalo, maana uaminifu wake huthibitika. Anayechukizwa nalo ni yule ambaye biashara yake haiwezi kusimama mwangani.

Salamu si ushahidi

Inasimuliwa kwamba Hadhrat Umar r.a. aliletewa mtu atoe ushahidi, akataka apatikane wa kumjua. Mmoja akasema kwamba anamjua. Hadhrat Umar akamwuliza kama alikuwa jirani yake, au alipata kusafiri naye, au alipata kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu. Alipokana yote hayo, Khalifa akamwambia kwamba hamjui. Labda amemwona tu akiinama na kuinuka msikitini.

Tafakari, ndugu msomaji. Ikiwa kumwona mtu akisali hakukutosha kuwa ujuzi wa uaminifu wake, itatoshaje sauti ya salamu katika simu? Itatoshaje picha ya Kaaba mahali pa picha yake? Tapeli huchagua vazi ambalo wewe unaliheshimu. Kwa Mkristo atakuja na Bwana Yesu asifiwe, kwako atakuja na Asalaam alaikum. Salamu yake irudishe kwa wema, maana kuirudisha ni wajibu. Lakini fedha haimo katika wajibu huo.

Na kuhusu picha, ikumbuke habari ya Nabii Yusufu a.s. Ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu. Kanzu ilikuwa ya kweli, ya Yusufu hasa. Damu ndiyo iliyokuwa ya uongo. Naye Nabii Yakobo a.s. hakuikubali hadithi yao kwa sababu tu ya kuonyeshwa kitu. Picha za gari nazo ni hivyo: gari ni la kweli, lipo mahali fulani duniani, lina mwenyewe, lakini umiliki wa yule anayekuonyesha ndio uongo. Hata picha ya kadi ya gari na ya kitambulisho huweza kuwa zimeibwa kwa mnunuzi aliyetapeliwa kabla yako.

Kuuza kisichokuwapo

Mtume Mtukufu s.a.w. alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam r.a. kuuza asichokuwa nacho, na alikataza mauziano yenye giza ndani yake, ambayo mnunuzi hajui anachokinunua wala kama kitapatikana. Wanazuoni wakatoa mifano ya samaki aliye bado majini na ngamia aliyepotea. Gari lililofungwa Ipogolo, ambalo mwenyewe yuko Dodoma na fedha zake huingia kwa jina la mtu wa tatu, je, si samaki aliye majini? Mtume s.a.w. alifundisha pia kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mapatano maadamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha aibu za bidhaa hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka huondoka. Haki hiyo ya kuangalia na kughairi huipati kwa mtu usiyemwona. Kwa hiyo anayekuharakisha ulipe kabla ya jioni anakunyang'anya haki uliyopewa na Mtume wako.

Basi mwaminio afanye nini? Kwanza, asilipe hata kishika uchumba kabla gari halijaonwa na yeye mwenyewe au mtu amwaminiye, pamoja na fundi. Toka Mbeya hadi Iringa, kwa kupitia Makambako na Mafinga, ni safari ya kilometa zaidi ya 300. Nauli yake ni kidogo mbele ya mamilioni ya kupotea. Pili, namba ya chasisi na ya injini zilizochongwa garini zilinganishwe na zile za kadi, na jina la kadi lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji. Tatu, kadi ipelekwe ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ithibitishwe kabla ya malipo, wala si baadaye, na umiliki ubadilishwe huko huko. Nne, mkataba uandikwe mbele ya wakili na mashahidi, na malipo yapite benki kwa jina lile lile lililo katika kadi. Jambo hili la nne si la wanasheria tu, bali ni utii kwa ile aya ndefu niliyoitaja.

Na anayeagiza gari kutoka Japani, ambako magari mengi ya nchi yetu hutoka, huko desturi ni kulipa kwanza na gari kupakiwa melini baadaye. Hapo giza ni kubwa zaidi. Wapo wanaoiga jina la kampuni halisi kwa kubadili herufi moja katika anwani yake, au kutuma barua ya kusema kwamba akaunti ya benki imebadilika. Akaunti ikiwa ya jina la mtu binafsi, au imo katika nchi nyingine isiyohusika, simama. Itafute namba ya simu ya kampuni kwa njia nyingine, si ile iliyo katika barua hiyo, uulize.

Sala ya Istikhara haikuondolei wajibu

Ndugu yetu aliniambia pia kwamba alisali Istikhara usiku ule na moyo wake ukaelekea kutuma. Nikamwuliza kama moyo huo ulielekea kwa Mungu au kwa gari. Akacheka, maana ni mtu mkweli. Istikhara ni kumwomba Mwenyezi Mungu uongozi, nao uongozi mara nyingi huja kwa njia ya macho na masikio aliyokupa. Jina lisilolingana, bei isiyowezekana, muuzaji asiyeonekana: hizo ni ishara tatu zilizomfikia kabla ya kulala. Mtu akizipita alama hizo kisha akaomba alama nyingine, ni kama mtu aliyepewa taa akaizima, akaomba mwangaza. Mtume s.a.w. alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu.

Jambo hili si la gari peke yake. Mwaka 2009, Serikali ilipoisimamisha DECI, watu wengi sana wa nchi yetu walikuwa wamekwisha weka akiba zao humo, wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu na watavuna. Lugha ilikuwa ya imani, na hesabu haikuwapo. Tamaa hutangulia, na dini huitwa baadaye ije kuibariki.

Baada ya kutapeliwa

Ndugu yetu hakutuma zile laki sita. Alimwomba shemeji yake akaaye Kihesa aende Ipogolo kuliona gari. Muuzaji alipoambiwa kwamba mtu yu njiani, simu yake ikazimwa, wala haikufunguka tena. Zile shilingi 150,000 za kwanza zikapotea.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo jaribu lenyewe lilipoanza. Jirani yake akamshauri arudishe hasara kwa kuuza pikipiki yake kuukuu, ambayo injini yake hula mafuta, kwa kuiweka oili nzito ili isitoe moshi siku ya kuuza. Akamwambia: "Wewe wamekufanyia, nawe fanya." Tazama jinsi uovu unavyotaka kusafiri. Tapeli alikwisha chukua fedha yake. Sasa alikuwa akiitaka na roho yake.

Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, akatangaza kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Hakumwuliza kama naye alipata kudanganywa na mwingine. Udhuru huo haumo katika hadithi, wala hautakuwamo Siku ya Hukumu.

Ndugu yetu aliiuza pikipiki yake akiutaja ubovu wake, kwa bei ndogo. Tena alifanya mambo mawili yanayompasa kila aliyetapeliwa: aliituma namba ya yule mtu kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo, na alikwenda polisi akiwa na ujumbe wote na risiti za kutuma fedha. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa katika nchi yetu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu pia udanganyifu wa njia hii. Watu wengi hunyamaza kwa aibu. Lakini aibu ni ya aliyeiba, na ukimya wako ni mtaji wake kwa mtu wa kesho. Kuwaonya wengine si kusengenya, bali ni kumsaidia ndugu yako, na hata kumsaidia yule dhalimu kwa kumzuia asizidi kudhulumu.

Nilipomwuliza kama bado anawapenda Waislamu baada ya kuibiwa kwa salamu, akajibu kwamba hakusilimu kwa ajili ya yule mtu. Jibu hili nimelihifadhi. Wewe unayeitafuta dini, usiipime kwa anayelitumia jina lake sokoni. Ipime kwa mafundisho yake, kisha jipime mwenyewe kwa hayo siku utakapokuwa wewe ndiwe muuzaji.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, macho ya kuona na ulimi wa kweli, tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.