Deraya ya Marehemu: Je, Usahihi ni Wajibu?

Kuna watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaotumia miaka mingi na fedha nyingi kujikusanyia deraya kamili ya Zama za Kati: chapeo, dirii, glavu za chuma, vazi la pete za chuma, na koti zito la kitambaa linalovaliwa ndani. Hawaendi vitani, ni burudani yao, kama wengine wanavyokusanya stempu. Lakini walio makini miongoni mwao wamejiwekea sharti gumu: kila kipande kiwe sahihi kihistoria. Je, usahihi huo ni kanuni ya mchezo tu, au ni wajibu wa kimaadili?

Kwanza tulielewe sharti lenyewe. Mkusanyaji huanza kwa kuchagua mwaka, mahali na tabaka la mtu anayemwiga. Chapeo ya mwaka 1350 haivaliwi pamoja na glavu za mwaka 1480, hata kama zote mbili zinapendeza. Kisha hutafuta ushahidi: vifaa vilivyosalia katika makumbusho, michoro ya vitabuni, na sanamu za makaburini kama ile ya Mwanamfalme Edward, aliyefariki mwaka 1376, iliyoko katika kanisa kuu la Canterbury. Baada ya hapo huja kazi isiyoonekana. Vazi la pete lina maelfu ya pete, na zile zinazounganishwa hukazwa kwa vimisumari vidogo mno, kimoja kimoja. Pete zilizokunjwa tu mpaka ncha zikagusana ni rahisi zaidi, na mtazamaji aliye hatua kumi hawezi kuona tofauti. Kwa nini basi mtu ajitaabishe?

Wapo watakaosema hakuna sababu yoyote. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anayevaa deraya leo hawi kabaila wa karne ya 14. Chuma chake kimetoka kiwandani, na hofu ya kufa haimo ndani yake. Usahihi kamili hauwezekani, na jambo lisilowezekana haliwezi kuwa wajibu. Hoja hii ina nguvu, lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Ramani haiwezi kuonyesha kila jiwe, ila hilo halimpi mchoraji ruhusa ya kuuhamisha mto. Kushindwa kufikia ukweli wote ni jambo moja. Kuupuuza ukweli tulio nao ni jambo jingine.

Kuupuuza kuna madhara. Watu wengi huamini kwamba mvaa deraya akianguka hakuweza kuinuka, na kwamba alipandishwa juu ya farasi kwa winchi, kama ilivyoonyeshwa katika filamu ya Henry V ya Laurence Olivier ya mwaka 1944. Ukweli ni kwamba deraya kamili ya vita ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, uliogawanywa mwili mzima, na aliyeizoea aliweza kukimbia na kupanda farasi mwenyewe. Simulizi ya winchi inawafanya watu wa kale waonekane wapumbavu, nao hawana mdomo wa kujitetea.

Mfano mzito zaidi ni wa Visby, katika kisiwa cha Gotland, Uswidi. Mwezi Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa hicho nje ya kuta za mji. Makaburi ya halaiki yalipofukuliwa katika karne ya 20, yalitoa mifupa ya watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wazee na vijana wadogo. Baadhi yao walizikwa na deraya zao: mabamba ya chuma yaliyopigiliwa ndani ya vazi. Nyingi zilikuwa za mtindo uliokwisha kupitwa na wakati. Leo wakusanyaji wengi huiga mabamba hayohayo kwa vipimo.

Hapa ndipo usahihi unapoacha kuwa mchezo. Mtu anaweza kupata kila bamba sawasawa, halafu akalivaa huku akisimulia fahari ya makabaila. Chuma chake kitakuwa cha kweli na simulizi yake ya uongo, kwa kuwa vazi lile lilifukuliwa pamoja na mkulima lililoshindwa kumwokoa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kama maelezo ya desturi za wanadamu, methali hiyo ni kweli kabisa. Marehemu hawapo, ndiyo maana lao huchukuliwa kirahisi. Naona basi kwamba usahihi ni wajibu, kwa sababu ndiyo namna tuliyo nayo ya kumwekea asiyekuwapo fungu lake. Wajibu huo hautimizwi na vimisumari peke yake. Anayepima bamba kwa milimita anadaiwa pia kusema lilikuwa kifuani mwa nani.