Kabla ya Kuchimba, Piteni kwa Jirani

Wanangu wa Kitale na Bungoma, ketini. Haya nimeyasema matangani, nimeyasema kwenye baraza la chifu, na leo nayarudia polepole, kwa sababu watoto wetu bado wanaharisha.

Maji yakiwa maangavu mnayaamini. Mnasema kisima kilichimbwa na baba, na baba aliishi miaka mingi. Ni kweli. Lakini baba alikuwa na ekari tano na choo kimoja. Leo shamba lile limekatwa ploti za futi hamsini kwa mia, na kila ploti ina kisima chake na choo chake cha shimo. Wataalamu wanataka walau mita 15 kati ya viwili hivyo. Futi hamsini ni mita 15 na kidogo. Yaani upana mzima wa ploti ndio umbali unaotakiwa, na ukishamkatia mwanao nusu ya upana huo, upana unaobaki hautoshi. Umeweka choo nyuma na kisima mbele, ukaridhika. Kumbe ng'ambo ya ua wa kayaba jirani amechimba choo hatua chache kutoka kisima chako. Mvua ndefu zikija, maji ya ardhini hupanda yakakutana na lile shimo.

Watafiti waliopima maji katika mtaa wa Langas, Eldoret, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walichukua sampuli 31 za visima vifupi. Zote zilikuwa na bakteria wa kundi la kolifomu, na karibu zote zilikuwa na wale wanaoashiria kinyesi. Katika visima virefu vinne, viwili vilikuwa na dalili hiyo ya kinyesi. Nanyi wa mitaa ya Tuwani na Kipsongo hapo Kitale, hayo yanatuhusu.

Mtaniambia mnachemsha. Vizuri, msiache, moto unaua vijidudu. Lakini nitrati, inayotoka chooni na kwenye mbolea tunayotia mahindini, haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, nitrati huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, likimfikiria hasa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, maana nitrati ikizidi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Nitrati haionekani wala haionjeki. Hujulikana kwa kupimwa tu.

Kuanzia 2012, utafiti mkubwa ulifuata akina mama wajawazito zaidi ya 8,000 Bungoma, Kakamega na Vihiga. Familia nyingine zilipewa klorini, nyingine vyoo bora, nyingine vyote pamoja na sabuni. Matokeo ya 2018 yalionyesha kuharisha kwa watoto hakukupungua. Msiyachukue kama ruhusa ya kutupa klorini. Mimi naona boma moja haliwezi kujitakasa peke yake pale ambapo uchafu unapita kwa kila mtu.

Januari maji yakishuka, mafundi wa kuchimba watakuja. Kabla hamjawalipa, chukueni futi kamba mwende kwa jirani, mpime naye kutoka choo chake, na cha jirani wa upande wa pili, hadi mnapotaka kuchimba. Zisipofika mita 15, msichimbe. Changeni pesa watu kumi, mwombe laini ya bomba kwa kampuni ya maji ya eneo lenu. Wenye visima tayari, mwombeni afisa wa afya ya umma apime maji, na mdai majibu yaliyoandikwa.