Mama katekista na mpako wa wagonjwa

Huku kambini padri anakuja mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili zingine mama katekista ndiye anayetuongoza: anasoma Injili, anafundisha, anazika. Mtoto akizidiwa usiku anambatiza, na Kanisa linaukubali ubatizo huo. Lakini baba yangu mdogo akikata roho aliomba kitubio na mpako. Mama alimshika mkono tu, akasali.

Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Yesu alichagua mitume wanaume. Sawa. Ila habari ya Ufufuko alimtuma nani aipeleke kwa hao mitume? Si Maria Magdalena?

Wenzangu wananijibu: hata katekista mwanaume asingeweza kumpaka. Kweli, lakini kijana wa kiume anaweza kuota seminari.

Nilimuuliza mama kama angeutaka upadre. Akanyamaza.

“Usiku ule, ndiyo.”