USININGOJE: AMANA YA MTOTO MGONJWA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika Imani, wengi wetu tulio Maskati, Dubai na kwingineko katika Ghuba tuna watoto wanaolelewa na bibi zao Unguja, Pemba na mwambao wa bara. Mtoto akipatwa na homa kule, simu hupigwa huku, na safari ya hospitali hungoja fedha na idhini ya aliye mbali. Neno langu ni kwa huyo anayengojewa.

Yatazameni maradhi ya degedege. Wako wanaoyadhania kuwa ni shetani, mtoto akafukizwa na kupelekwa kwa mganga kwanza. Na wako wanaosema kuwa akidungwa sindano atakufa. Matabibu wamebainisha kuwa degedege huletwa na homa, na penye mbu huenda ikawa ni malaria iliyopanda ubongoni, nayo huua upesi. Zanzibar malaria imepungua mno tangu ilipoanza dawa mseto mwaka 2003, lakini haikutoweka, na bara ingali nyingi. Mtoto huyo alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali saa ile ile. Mwenye kumsomea Qur'ani na amsomee njiani. Kisomo hakizuii safari.

Na mwenye kuharisha aghalabu huuawa na kukaukiwa maji. Ikikosekana pakiti ya dawa ya kuharisha, ichukuliwe lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo, wala asiachishwe ziwa. Akiwa hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au anapumua mbio, au amelegea hana fahamu, hapo hapana tena dawa ya nyumbani.

Atasema msemaji: "Sisi tumemtegemea Mungu." Naam, na hilo ni wajibu. Lakini sisi Maibadhi tunaitakidi kuwa imani ni kauli na amali. Basi na tawakali vilevile haitimii kwa ulimi mtupu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, naye ndiye mbora wa wenye kutawakali. Ajali i mikononi mwa Mola, lakini kuchelewesha ni kitendo chetu, nasi tutaulizwa.

Kwa hivyo, aliyeshika mkoba ajue kuwa ameshika na dhamana. Toeni idhini kabla ya maradhi. Wekeni nauli na fedha za matibabu mikononi mwa bibi, na mwambieni leo: "Mama, mtoto akiugua, usiningoje. Mpeleke, kisha unipigie simu."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, walio karibu na walio mbali, na awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.